-ji- na -ki-: Nani Abebaye Nafsi?

Kanuni mbili zimezoeleka katika madarasa yetu ya tafsiri hapa Kolwezi: *himself* ni “yeye mwenyewe”, na kitenzi chenye *-ing* ni -ki-. Mimi pia nimezifundisha. Ila tuzipime kwa sentensi *He saw himself falling*. Mwanafunzi mtiifu huandika “Alimwona yeye mwenyewe akianguka”. Msomaji huelewa kwamba aliyeanguka ni mtu mwingine. Mwenziwe, anayepitia Kifaransa, *Il s’est vu tomber*, huandika “Alijiona kuanguka”, na kitenzi cha pili hubaki bila mwenyewe.

Kosa si la wanafunzi. Katika Kiingereza *falling* haibadiliki kamwe, hivyo nafsi hubebwa na *myself*, *yourself*, *himself*. Kiswahili kimeugeuza mzigo huo: -ji- ndiyo isiyobadilika, na nafsi hujitokeza mbele ya -ki-: nilijiona nikianguka, ulijiona ukianguka, alijiona akianguka. Kanuni inayotafsiri neno kwa neno haiwezi kuliona hilo.

Ashton, katika sarufi yake ya 1944, alikwisha kutenga -ki- ya sharti na -ki- ya tendo linaloendelea sambamba na jingine. Tofauti hiyo ndiyo inayotuponyoka katika *Finding himself alone, he wept*. “Akijikuta peke yake, alilia” huanza kama sharti kisha hukwama njiani. Kiswahili hapa hudai “Alipojikuta peke yake, alilia”, na -ki- haina kazi yoyote.