Mtenda Yuko Wapi? Tahakiki ya Neno "Bahati" katika Soko la Custom

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya bahati. Tuna bahati yenyewe, sudi, nasibu, kismati na jaha. Upande wa pili tuna mkosi, nuksi na kisirani. Katika soko la Custom jijini Juba, ambako Kiswahili cha wachuuzi kutoka Uganda na Kenya hukutana na Kiarabu cha Juba, maneno haya yana kazi ya kutosha. Aliyeuza mapema amebahatika. Aliyefika adhuhuri bila kufungua mauzo ana mkosi. Aliyegongwa na bodaboda amepatwa na ajali. Makala hii inahakiki maneno hayo na methali zinazoyabeba kwa kuuliza yanatueleza nini na yanatuficha nini.

Tuanze na sarufi. "Kubahatika" kimeundwa kwa kauli ya kutendeka, sawa na "kuvunjika" na "kuharibika". Kauli hii haimtaji mtenda. Tukisema kikombe kimevunjwa, msikilizaji atauliza, "Na nani?" Tukisema kimevunjika, swali hilo halina pa kukaa. Muuza unga akisema "nimefilisika", tunampa pole na kupita. Akisema "nimefilisiwa", tunasimama kumsikiliza.

Methali zetu nazo hupenda kauli isiyo na mtenda. Ajali haina kinga. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mwenye bahati habahatishi. Tusizibeze, kwa kuwa zinafariji: zinamwambia aliyeanguka kwamba si lazima kosa liwe lake. Sokoni, ambako mtu anaweza kuamka alfajiri, akapanga nyanya vizuri, akapunguza bei, na bado arudi nyumbani mikono mitupu, faraja hiyo si kitu kidogo. Udhaifu wa methali hizi ni kwamba zikishamwondolea lawama aliyeumia, humwondolea pia yule aliyemuumiza.

Tuchukue mfano wa fedha. Kabla ya Desemba 2015, bei rasmi ya dola moja Sudan Kusini ilikuwa takribani pauni 3, ilhali mtaani dola hiyohiyo iliuzwa kwa mara kadhaa ya kiasi hicho. Aliyepata dola kwa bei rasmi aliweza kuziuza mtaani na kutajirika bila kubeba hata gunia moja la vitunguu. Mchuuzi aliyetegemea bidhaa za Uganda hakuwa na mlango huo. Bei aliyoijua ni ya mtaani. Tarehe 15 Desemba 2015 serikali iliacha kuishikilia bei hiyo, na bei rasmi ikaruka hadi zaidi ya pauni 18 kwa dola siku hiyohiyo. Mwenye akiba ya pauni benki aliona thamani yake rasmi ikiporomoka kwa siku moja. Je, wa kwanza alibahatika na wa pili alikuwa na nuksi? Sarufi inatusaidia hapa: wa kwanza alipewa, na anayepewa ana mpaji.

Hata hivyo, haitakuwa haki kudai kwamba bahati haipo. Barabara ya Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ndiyo njia kuu ya chakula kutoka Uganda. Tuseme malori mawili yanaondoka mpakani asubuhi moja: moja linafika salama, jingine linashambuliwa njiani. Madereva hawakutofautiana kwa akili wala kwa bidii. Kwa nini huyu na si yule? Hapo neno bahati ni jibu la kweli. Lakini lipo swali la pili: kwa nini yeyote ashambuliwe katika barabara hiyo? Swali hili halijibiwi kwa bahati, kwa sababu linahusu ulinzi, silaha na vita. Kosa la methali zetu ni kujibu swali la pili kwa jibu la kwanza.

Historia ya neno lenyewe inatuonya. Bahati limetufikia kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi, na shina hilohilo limezaa jina Bakhita, yaani mwenye bahati. Juba inalijua jina hili vizuri, maana redio ya Kanisa Katoliki jijini humo inaitwa hivyo, kwa heshima ya Mtakatifu Josephine Bakhita. Alizaliwa Darfur mnamo 1869, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa. Jina Bakhita hakupewa na mama yake. Alipewa na waliomteka. Mwenye mnyororo ndiye aliyemwita mwenye bahati. Mwaka 1889, akiwa Italia, mahakama iliamua kwamba kisheria hakuwa mtumwa. Uhuru wake nao ulikuwa na watenda: yeye aliyekataa kurudi kwa waliomdai, na waliosimama naye.

Msomaji anaweza kupinga kwamba kumtaja mtenda kuna hatari. Ni kweli. Penye wenye bunduki, "nimefilisika" ni kauli salama kuliko "nimefilisiwa na fulani", na huenda mchuuzi anaichagua akijua anachokificha. Basi tahakiki hii haimlaumu yeye. Inatulenga sisi wanafunzi wa lugha, tunaoandika insha tukiwa tumekaa salama. Mchuuzi akituambia amepata mkosi, tusikimbilie kumpa methali. Tumpe pole, kisha tuulize bei ya unga ilipandishwa na nani, na ushuru wa barabarani ulidaiwa na nani. Na tunapoandika habari zake, tutumie kauli ya kutendwa pale alipotendwa.