Talanta Si Kipaji: Hoja juu ya Mahubiri Yetu ya Uwakili

Msimu wa ahadi na mavuno ukifika, wahubiri wetu wengi huukimbilia mfano wa talanta (Mt. 25:14-30). Mahubiri hayo kwa kawaida hushika mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza huwaambia vijana kwamba kila mmoja ana talanta yake, huyu kuimba, yule kupiga tarumbeta, mwingine kushona. Ya pili huwaambia wazee wafungue mifuko. Makala hii haikusudii kumzuia mtu kuimba wala kutoa. Lakini njia zote mbili zimeuacha mfano wenyewe nyuma, na hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Tuanze na neno. Talanta ya Agano Jipya ni kipimo cha uzito, na hapa ni uzito wa fedha. Ilihesabiwa kuwa sawa na dinari 6,000, na dinari moja, kama tusomavyo katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mt. 20:2), ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angeipata talanta moja kwa miaka 20, endapo hakula wala hakuvaa. Yule mtumwa wa tatu, basi, ambaye twapenda kumhurumia kwa kupewa kidogo, alikabidhiwa ujira wa nusu ya maisha ya mtu. Maana ya kipaji ilizuka baadaye, katika mahubiri ya Ulaya ya zama za kati, ikaingia katika lugha za huko, nasi tukaipokea. Kiswahili hakikuwa na uhaba: kipaji kipo, kipawa kipo, na Biblia ya Union ya mwaka 1952 ina neno karama kwa vile Roho agawavyo. Tena Mathayo mwenyewe amefunga mlango huo, maana katika aya ya 15 bwana aangalia kwanza uwezo wa kila mtumwa, ndipo agawapo. Uwezo ni kitu kimoja, na talanta ni kingine. Mtu hawezi kupewa kipaji kulingana na kipaji chake.

Yaweza kuonekana kuwa huu ni ugomvi wa wanafunzi wa Kigiriki. Sivyo. Kipaji twakiona kuwa chetu. Tumezaliwa nacho, nacho hufa pamoja nasi. Talanta ni ya bwana kabla hatujaipokea, tuwapo nayo, na baadaye. Tukilibadili neno, mwenye mali atoweka kimyakimya, na hesabu yatoweka pamoja naye.

Njia ya pili, ile ya mifuko, ina kosa zito zaidi, maana hugusa imani yenyewe. Mtumwa wa tatu huhubiriwa kama mvivu, na kweli bwana wake amwita mlegevu. Lakini kufukia fedha ardhini hakukuwa uzembe machoni pa watu wa kale. Marabi katika Talmudi walikuhesabu kuwa ndiyo njia salama ya kutunza fedha ya mwingine. Tuusikilize utetezi wake: alimwona bwana kuwa mtu mgumu, akaogopa. Wenzake wawili walipokea kwa mkono uleule, wala hawasemi neno juu ya ugumu huo. Kwa mafundisho ya Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, mtu huyu amekosa fungu la kwanza la Imani, lile la uumbaji: hajui kwamba alivyo navyo vyote vimetoka kwa wema wa baba, bila stahili yake mwenyewe. Sasa mhubiri apandaye mimbarani na kuwatisha watu kwa giza la nje na kusaga meno ili bahasha zijae, afanya nini? Awafundisha washarika kumtazama Mungu kwa macho ya mtumwa wa tatu. Watatoa, ndiyo. Lakini watatoa kama mdaiwa mbele ya mdai mkali, na mwaka ujao itabidi watishwe zaidi.

Wako wataalamu waliokwenda upande mwingine kabisa. William Herzog, katika kitabu chake Parables as Subversive Speech cha mwaka 1994, amsoma mtumwa wa tatu kuwa ndiye shujaa, aliyekataa kumzidishia mali tajiri mnyonyaji na kumwambia ukweli usoni. Usomaji huu wavutia, hasa kwetu tujuao faida ya asilimia mia hutoka mgongoni mwa nani. Mimi siwezi kuufuata. Ili ufaulu hauna budi kuung'oa mfano mahali Mathayo alipoupanda, kati ya wanawali kumi na hukumu ya mataifa, ambapo ajaye si tajiri yeyote bali Mwana wa Adamu. Hata hivyo Herzog ametufaa kwa kukataa kuzilainisha fedha zile ziwe kitu kingine.

Neno wakili nalo lina shida yake. Mjini, wakili ni mtu wa mahakamani. Katika Biblia yetu ni mtu aliyewekwa juu ya mali isiyo yake (Lk. 16:1-2), na swali aulizwalo si ametoa kiasi gani, bali hesabu iko wapi. Hapa ndipo semina zetu za uwakili zinaponishangaza. Waalikwao ni watoaji: mama aletaye mayai na mkungu wa ndizi kwa mnada baada ya ibada, mwalimu mwenye bahasha yake ya ahadi. Mayai yakiisha kununuliwa na fedha kuingia katika hazina ya usharika, nani aliye wakili wake? Si mama yule tena. Ni mtunza hazina, ni wazee wa kanisa, ni mchungaji, na ngazi zote zilizo juu yao. Nimesikia mahubiri mengi juu ya talanta. Yaliyohubiriwa katika kikao, hesabu za mwaka zikiwa mezani, ni machache mno.

Paulo, alipokusanya changizo kwa ajili ya Yerusalemu, hakutaka lichukuliwe na mtu mmoja, pamoja na Tito alituma ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa (2 Kor. 8:16-23). Nasi Walutheri tunao mfano wa nyumbani. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, katika Saxony, uliandika utaratibu wa kasha la pamoja, naye Luther akauandikia dibaji. Wasimamizi walikuwa 10: makabaila 2, wajumbe wa baraza la mji 2, raia wa mji 3 na wakulima wa vijijini 3. Kasha lilipasa kukaa kanisani likiwa na kufuli 4 zisizofanana, kila kundi na ufunguo wake, hata lisiweze kufunguliwa pasipo mkulima. Wasimamizi walitakiwa kukutana kila Jumapili, na mara tatu kwa mwaka kutoa hesabu mbele ya usharika wote. Kutoka humo wangelipwa mchungaji na mwalimu, na kutunzwa yatima, wazee na maskini. Utaratibu huo ulipata upinzani mapema, nao ulitoka kwa baraza la mji, lililokuwa limeshika mali za wakfu za zamani na halikutaka kuzikabidhi. Mwaka uleule Luther alilazimika kumwandikia mtawala, Frederick wa Saxony, juu ya jambo hilo.