Lita Tatu Kwanza: Mzigo na Mlima Baada ya Saratani

Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, si mahali ambapo watu hupanda vilima kwa burudani, wakiwa na begi mgongoni. Wanapanda kwa sababu chemchemi iko bondeni na nyumba iko juu, shamba liko ng'ambo ya pili na kuni ziko mbali zaidi. Kwa hiyo mwanamke anayerudi kutoka kutibiwa saratani katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, hana muda wa kujiuliza kama atarudi vilimani. Swali linamsubiri pale anaposhukia basi: atabeba nini, na lini?

Jibu analopata huwa moja kati ya mawili. Ama anaambiwa asinyanyue kitu kizito maisha yake yote, ama haambiwi lolote, na wiki mbili baadaye ana ndoo ya lita 20 kichwani. La kwanza linamfanya tegemezi nyumbani kwake na kumdhoofisha misuli. La pili linaweza kumrudisha hospitali. Ipo njia ya tatu, na imeshapimwa.

Kwa miaka mingi wanawake waliotolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya titi walikatazwa kunyanyua uzito. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Tezi hizo ni sehemu ya mfumo unaoondoa maji mkononi, na zikitolewa mkono unaweza kuvimba, uvimbe ukawa wa kudumu. Kathryn Schmitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliamua kuipima hofu yenyewe. Walichukua wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba, wakawagawa makundi mawili, na kundi moja likanyanyua vyuma mara 2 kwa wiki kwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Walioongezeka uvimbe walikuwa asilimia 11 kwa walionyanyua na 12 kwa wasionyanyua, yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Lakini waliopatwa na uvimbe wa kuchachamaa ghafla walikuwa asilimia 14 dhidi ya 29.

Namba hizo hunukuliwa sana. Kwangu mimi, siri imo kwenye utaratibu. Walianza na uzito mdogo mno, wengine bila uzito kabisa. Hawakuongeza kitu mpaka wamalize vipindi viwili mkono ukiwa vilevile, na walipoongeza, waliongeza kiasi kidogo kuliko vyote kilichopatikana. Walivaa kitambaa maalumu cha kubana mkono, na walikuwa na mkufunzi. Kikomo cha juu hakikuwekwa.

Vyuma vya mazoezi hatuna, lakini tuna maji, na lita 1 ya maji ni kilo 1. Dumu la lita 3 linatosha kuanzia, halafu la 5, kisha la 10 likijazwa robo tatu. Ugumu uko kwenye macho ya watu. Mama mzima akionekana kisimani na dumu la mtoto, maneno hayakosi, na hapo ndipo mume, mawifi na majirani wanapopaswa kuelezwa mapema kwamba lita 3 ni dozi, sawa na vidonge.

Vilima vya huku Buha, yaani Kasulu na Kibondo, vinaongeza jambo ambalo halikuwapo kwenye ukumbi wa mazoezi. Unateremka na dumu tupu ukiwa na nguvu zote, kisha mzigo na mwinuko vinaanza kwa pamoja kule chini. Ndiyo maana ningevitenganisha. Kwanza apande mikono mitupu mpaka aweze kufika juu huku akiongea bila kukatika pumzi. Halafu abebe uzito mdogo kwenye tambarare, kuzunguka nyumba. Baada ya hapo ndipo aviunganishe, na wiki anayoongeza lita asiongeze umbali.

Aishie wapi miezi ya mwanzo? Kuna kipimo cha Afrika Mashariki kwenyewe. Mwaka 1986 mtafiti Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kichwani. Mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 12. Hao walikuwa wazima, waliozoea tangu utotoni, lakini namba hiyo inaonyesha kuwa ndoo iliyojaa ni nzito mno kuwa lengo la kwanza.

Tena mzigo uleule hauwaumizi wagonjwa wote mahali pamoja. Ukiwa umetua sawasawa juu ya ngata, uzito unashuka shingoni, uti wa mgongo hadi nyonga, na mkono unashikilia tu. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa titi, hatari iko kwenye kujitwika, ule mvuto wa ghafla wa kupandisha ndoo kutoka chini. Atwishwe, na atuliwe akifika. Kwa aliyepigwa mionzi ya mlango wa kizazi mambo yanageuka: mkono ni mzima, bali mifupa ya nyonga iliyopitiwa na mionzi inaweza kupata nyufa kwa mzigo ambao zamani haukuwa kitu. Akisikia maumivu mapya ya kiuno au nyonga yanayozidi akitembea, atue mzigo na aende hospitali.

Halafu kuna nyayo. Dawa za saratani za dripu, kama paklitakseli na sisplatini, huacha ganzi miguuni, wakati mwingine kwa miezi mingi. Udongo mwekundu ukilowa unateleza, na mguu wenye ganzi hautoi taarifa mpaka umeshachelewa. Ndala ziwekwe kando, avae raba za kufunga kamba, ashike fimbo anapoteremka, na kila jioni akague nyayo kwa macho, maana jeraha linaweza kuwapo bila maumivu.

Urefu wa vilima vyenyewe usimtishe. Mchezaji tenisi Martina Navratilova alipojaribu kupanda Kilimanjaro Desemba 2010, miezi michache baada ya mionzi ya saratani ya titi, alishushwa kutoka karibu mita 4,500 kwa sababu mapafu yalijaa maji. Ugonjwa huo ni wa kimo, na humpata hata mtu ambaye hajawahi kuugua saratani. Buha haifiki huko. Cha kuogopwa huku ni homa. Malaria ipo, na damu ya aliyetoka kwenye dripu huwa tayari imepungua. Homa ni ya kupelekwa kituoni siku hiyohiyo, na kukosa pumzi kwenye tambarare nako si uchovu wa kawaida.

Barua ya kuruhusiwa hospitali ingefaa kuwa na mstari mmoja zaidi: aanze na lita ngapi, aongeze baada ya muda gani. Muuguzi wa zahanati anaweza kuufuatilia kwa futi ya fundi cherehani. Apime mikono yote miwili, sentimita 10 juu na chini ya kiwiko, asubuhi, kila mwezi, na aandike kwenye daftari. Mkono wa upande wa upasuaji ukimzidi mwenzake kwa sentimita 2, mama arudi kwenye lita za nyuma na aonwe na daktari kabla ya kuongeza tena.