Sadfa, Majaliwa na Mapenzi katika The African Queen: Mtazamo kutoka Karema

Katika semina zetu za fasihi neno sadfa hutamkwa kama tusi. Mwanafunzi akishasema kazi fulani "imejaa sadfa", basi, mjadala umekwisha na mtunzi kahukumiwa. Makala hii inakusudia kuupunguza ukali huo, kisha kuuliza swali ambalo kwangu ni zito zaidi: sadfa humfanyia kazi nani? Nitatumia filamu ya mapenzi ya The African Queen, aliyoiongoza John Huston mwaka 1951 kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Nimeichagua kwa sababu mimi ni mtu wa Karema, na ziwa lililo nyuma ya hadithi hiyo ni letu.

Kisa chenyewe si kigumu. Mwaka 1914, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, Rose Sayer (Katharine Hepburn) anaishi misheni na kaka yake mchungaji. Wajerumani wanakichoma moto kijiji, kaka anaugua na kufa. Rose anachukuliwa na Charlie Allnut (Humphrey Bogart), mlevi mwenye kimashua chakavu kiitwacho African Queen. Wanateremka mto Ulanga, na Rose anatoa wazo la kichaa: watengeneze makombora kwa mitungi ya gesi na baruti, wakaizamishe manowari ya Kijerumani, Louisa, inayolinda ziwa. Njiani wanapendana.

Tuanze na sifa zake, maana zipo. Mapenzi haya hayazaliwi kwa kutazamana machoni tu kama tulivyozoeshwa na filamu nyingi za kwenye vibanda vya video. Yanazaliwa kazini. Rose anamwaga pombe yote ya Charlie mtoni, na Charlie anakaribia kulia. Shafti ya mashua inapopinda na pangaboi kuvunjika, wanawasha moto ufukoni na kuvitengeneza wenyewe. Charlie anatoka majini mwili umejaa ruba, anatetemeka kwa kinyaa, halafu anarudi majini tena kwa sababu mashua lazima ivutwe. Watazamaji niliokaa nao walicheka sana mwanzo wa tukio hilo la ruba, lakini alipoingia majini mara ya pili kimya kilitanda. Pale ndipo mtu anapoamini kuwa hawa wawili wamefungamana.

Sasa sadfa. Iko mikubwa miwili. Kwanza, wamekwama kwenye matete, homa imempanda Charlie, na Rose anasali akijua watakufa. Kamera inapanda juu taratibu na kutuonyesha wasichokiona wao: ziwa liko hatua chache tu mbele. Usiku mvua inanyesha, maji yanajaa, mashua inaelea. Pili, baada ya dhoruba kuizamisha mashua yao, wanakamatwa na kuhukumiwa kunyongwa. Charlie anaomba nahodha awafungishe ndoa kwanza. Kamba ziko tayari, na papo hapo Louisa inaligonga gofu la African Queen lenye yale makombora. Inalipuka. Maharusi wanaogelea zao.

Mwenzetu mmoja alidai semina nzima kwamba huo ni udhaifu wa msuko. Mimi siafiki moja kwa moja. Naona tutenganishe sadfa ya jasho na sadfa ya dezo. Mlipuko ule ni sadfa ya jasho: makombora waliyatengeneza kwa mikono yao, majaliwa yamekuja kumalizia tu. Wahenga walisema liandikwalo ndilo liwalo, lakini wahenga hao hao ndio waliosema ajizi ni nyumba ya njaa, na hawakuona ugomvi kati ya semi hizo mbili. Tena Forester hakumaliza hivi. Katika riwaya yake jaribio la wapenzi linashindwa, manowari inazamishwa na mashua za Waingereza, na mwandishi anatuacha tukiwa na shaka kama wawili hao waliishi raha mustarehe. Filamu imechagua furaha, na kisanaa imeilipia.

Tatizo langu liko kwingine. Turudi mwanzo wa filamu. Wanakijiji wanaonyeshwa kanisani wakibabaika na wimbo wasioujua, ili tucheke. Kisha nyumba zao zinachomwa na wao wanaswagwa kama mbuzi kupelekwa vitani. Baada ya hapo, jamani, wameishia wapi? Hatuwaoni tena kama watu wenye hadithi. Mvua inanyesha kwa ajili ya Rose. Gofu linaelea kwa ajili ya Charlie. Katika wale waliochukuliwa hakuna hata mmoja aliyekuwa na mchumba? Katika vita vya 1914 hadi 1918 maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa upagazi na majeshi ya pande zote, na wengi hawakurudi. Kama kuna mada ya mapenzi yanayodumu, ni ya wanawake waliobaki kusubiri.

Hata jiografia imetumikishwa. Mto Ulanga wa kweli uko Morogoro, na maji yake huishia Rufiji na Bahari ya Hindi. Haumwagi ziwa lolote la magharibi. Picha zenyewe zilipigwa Uganda, Kongo na studio za Uingereza. Msanii ana uhuru wake, sawa. Lakini tukio halisi lililoibua hadithi hii lina ajabu kubwa kuliko sinema. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa kwa masanduku hadi Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaitwa Liemba. Louisa ya sinema ililipuka. Ya kweli ilifufuka, na kwa miongo mingi ikawabeba watu wetu, dagaa wao na maharusi wao, ikipita Karema.

Mohamed Suleiman katika Nyota ya Rehema (1976) alishatufundisha jambo hili. Jina la riwaya linataja nyota, lakini ukisoma unagundua kuwa nyota ya Rehema imepindishwa na ukatili wa baba na tamaa ya shamba. Majaliwa yana mikono ya watu ndani yake. The African Queen haitaki kuitazama mikono hiyo.

Nani atasema basi kwamba kwetu hakuna visa? Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na White Fathers huko Algeria, akasomea uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, alikotibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Hapo alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Mtoto wa Niger na binti wa Tanganyika kukutana ufukoni kwetu: mtunzi akilibuni hilo, semina nzima itampigia kelele kwamba ametia chumvi. Na hata hapa Agnes hutajwa kwa haraka, ilhali mumewe anapewa kurasa. Binti wa mtemi alimwonaje mgeni yule asiye na ukoo hapa, mwenye dawa na lugha za mbali? Hiyo ni filamu nzima.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wahakiki wenzangu ni huu. Tukikutana na sadfa, tusiharakishe kuchukua kalamu nyekundu. Tuulize kwanza imelipiwa kwa jasho la nani, kisha tuulize nani amefukuzwa kwenye hadithi ili bahati iwatoshe waliobaki. The African Queen inafaulu swali la kwanza vizuri sana. La pili imelikimbia, na waandishi wa pwani hii ya Tanganyika hawana sababu ya kulikimbia nayo.