'Nyumbani' au 'kwetu'? Shairi la Warsan Shire likisomewa Garissa

MWAKA wa 2015, wakimbizi walipokuwa wakivuka bahari ya Mediterania kwa maelfu kuingia Ulaya, shairi fupi la Kiingereza la Warsan Shire, ‘Home’, lilienea kila mahali. Mwigizaji Benedict Cumberbatch aliyasoma baadhi ya maneno yake kwenye wimbo wa kuchangia shirika la Save the Children. Shire mwenyewe alizaliwa Kenya mwaka wa 1988, wazazi wake wakiwa Wasomali, akalelewa Uingereza.

Ulaya walilisoma kama ombi: tufungulieni mlango. Usomaji huo si makosa, ila umeegemea upande wa mwenye mlango. Je, msomaji wa Garissa, kaunti iliyo na kambi za Dadaab, atalisomaje?

Mhakiki Mjerumani Hans Robert Jauss alitufunza kwamba kila msomaji hulijia andiko akiwa na ‘upeo wa matarajio’ wake. Aliyelelewa na tungo za Pwani atatafuta vina na mizani. Aliyelelewa na gabay za Kisomali atatega sikio asikie sauti ile ile ikianzia neno katika kila mshororo. Shire hampi yeyote kati yao anachongojea. Basi wanabaki na maana, nayo imekaa kwenye neno moja tu: home. Tuliiteje kwa Kiswahili?

Wengi watakimbilia ‘nyumbani’. Mimi nasema ‘kwetu’. Hebu linganisha: ‘Nyumba imeharibika’ na ‘Kwetu kumeharibika’. Sentensi ya kwanza inataka fundi na mabati. Ya pili haina fundi. Ni habari ya vita, njaa au uhasama, na anayeisema huenda ameshafunga virago. Ni kweli ‘nyumbani’ nayo hukubali kiambishi ku-, lakini ‘kwetu’ ina la ziada: ina wenyewe. Hakuna ‘kwetu’ isiyo na ‘sisi’.

Ukilisoma hivyo, shairi linabishana na methali yetu, ‘Mwacha asili ni mtumwa.’ Methali inamlaumu aliyeondoka. Shire anageuza lawama: mahali ndipo palipomtoa mtu. Sasa je, aliyeachwa na asili naye tumwiteje?

Garissa ndiko mambo yanakochacha. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ya Kenya ilitaka kambi za Dadaab ziondolewe katika muda wa miezi mitatu na wakimbizi warudi ‘kwao’. Kwao wapi? Kambi hizo zilianza mwaka wa 1991. Aliyezaliwa Ifo, Dagahaley au Hagadera hakukimbia popote. Kambini kuna neno la Kisomali, buufis, la hamu kali ya kuhamia ng’ambo. Mtu anakosa usingizi kwa kupatamani mahali ambapo hajawahi kupakanyaga.

Wapo pia Wakenya wa Garissa na kaunti jirani waliosajiliwa kama wakimbizi, wengine wakiwa watoto, ili familia zipate chakula wakati wa shida. Walipofika umri wa kuomba vitambulisho, alama za vidole zao zilikutwa kwenye orodha ya wakimbizi, wakanyimwa. Hawa wako kwao, ila karatasi inakana.

Hapa ndipo ninapouona upungufu wa shairi. Linamtetea vizuri aliyekuwa na kwao akapokonywa, lakini linachukulia kwamba kila mmoja aliwahi kuwa na kwao. Aliyezaliwa kambini, na aliye kwao asiyeaminika, hawamo. Hata hivyo, ni shairi lenyewe lililotufikisha kwenye mwanya huo, na tafsiri ya ‘nyumbani’ ingeuziba bila sisi kujua.

Mwalimu anayelipeleka darasani asitosheke na swali la mazoea, ‘Mshairi anasema nini?’ Awaombe wanafunzi walitafsiri neno lile moja, kila mmoja kivyake, kisha waelezane kwa nini wamechagua walivyochagua. Katika darasa la Garissa, aliyeandika ‘kwetu’ na aliyeshindwa kuiandika huenda wameketi dawati moja.