Sufuria ya Udi Kiyovu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Kigali hunyamaza mpaka saa tano asubuhi. Watu wako kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, wanazibua mitaro na kufyeka majani, na barabara za Kiyovu zinabakia kwa ndege na mijakaranda. Saa tano ikifika magari huanza tena kupanda kilima, na ndipo bibi niliyekuja kumtazama anapowasha jiko lake la makaa. Kabla ya hapo hawashi. "Udi haupikwi na mtu aliyeacha shughuli nyuma yake," aliniambia nilipomwamkia, huku akisugua udongo wa umuganda kwenye kucha.

Ni mzaliwa wa Unguja, Malindi ya Mji Mkongwe. Alikuja Rwanda kumfuata mume. Mume ameshatangulia mbele ya haki, naye anaishi kwa mwanawe katika mojawapo ya nyumba za zamani zilizo kwenye mteremko wa kilima. Ameomba jina lake nisiliandike. Wote wanaoingia uani kwake humwita Bibi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Kazi yenyewe ilianza siku iliyotangulia, Ijumaa baada ya alasiri, kwa kuchambua. Alikaa kwenye mkeka na ungo mapajani. Juu ya ungo palikuwa na vipande vya udi, vingi vidogo kuliko ukucha wa mtoto. Mti wake, Aquilaria, huota Asia: Assam, Kambodia, Malaysia, Indonesia. Ukiwa mzima, mbao zake ni nyeupe na nyepesi, hazina harufu ya kusimulia. Ukijeruhiwa na kuvu ikaingia kidondani, mti hujitetea kwa utomvu mzito unaotia weusi ndani ya mbao, na pale penye weusi ndipo penye udi. Miti iliyougua namna hiyo ni michache na wanaoitaka ni wengi, kwa hiyo tangu mwaka 2005 jamii yote ya Aquilaria imo katika orodha ya mkataba wa CITES, na kuivusha mpaka wa nchi kunataka kibali.

Bibi alishika kipande kimojakimoja. Alikigeuza kwenye mwanga kutafuta mshipa mweusi, akakikwaruza kwa ukucha wa dole gumba, akakinusa pale alipokwaruza. Vile alivyovitilia shaka alivifunga kwenye kitambaa cheupe kilicholowa, akaviacha muda wa kunywa chai. Alipofungua, viwili vilikuwa vimeacha doa la kahawia: mbao zilizopakwa rangi. Alivitupa bila neno. Vilivyobaki aliviweka mafungu matatu. Fungu la kwanza, vipande vitano tu vyenye uzito wa kushangaza kwa udogo wao, alivirudisha kwenye kopo. "Hivi havipikwi. Huchomwa vivyo hivyo. Ukikipika kipande kama hiki umekivunjia heshima." Fungu la pili ndilo la sufuria. La tatu, chengachenga na vumbi, ni la kinu.

Kinu chake ni cha shaba, kidogo, na mchi wake umelika upande mmoja kwa kushikwa. Alitwanga zile chenga pamoja na karafuu nne za Pemba, nne kamili, akachekecha kwa kipande cha shashi, akayarudisha makapi kinuni. Mara tatu. Kisha akaongeza unga wa sandali ya Kihindi, ambao huletewa kutoka Unguja. Jirani yake Mnyarwanda, aliyekuwa akitusikiliza kutoka ukingoni mwa baraza, akauliza kwa nini asitumie kabaruka, msandali wa huku huku, maana upo upande wa mashariki ya nchi. Bibi alijibu huku anachekecha: mafuta ya mti ule yako mizizini pia, kwa hiyo wanaoutaka huung'oa mzimamzima, na uliong'olewa hauchipui. Ana haki ya kuhofia. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki, wa Rwanda ukiwemo, uliingizwa katika orodha ile ile ya CITES ambamo udi ulishatangulia.

Fungu la pili na unga wote vililala usiku mzima katika bakuli la marashi ya mawaridi, likiwa limefunikwa kwa sahani. Asubuhi marashi yalikuwa yamenywewa yote, na vipande vimevimba kidogo, vyeusi, vinang'aa.

Sasa sufuria. Bibi aliweka sukari kwanza, kikombe kimoja na nusu, akamiminia marashi mapya kiasi cha kuilowesha, akakaa kwenye kibao. Hapa ndipo nilipoanza kuuelewa ufundi wake, kwa sababu hapa ndipo ulipomshinda zamani. Pwani alikuwa amezoea kuhesabu: akipika, alisoma uradi wake, na ukimalizika shira iko tayari. Mwaka wake wa kwanza Kigali alisoma uradi ule ule, na udi ukatoka mgumu kama kokoto, una uchungu wa sukari iliyoungua. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Yeye analieleza hivi: "Hapa maji yanachemka kabla hayajapata moto." Mapovu yaliyokuwa yakimpa habari kule, huku yalimdanganya.

Akaacha kuhesabu. Siku hizi huweka kando bakuli la maji baridi, na kila baada ya muda hudondoshea tone la shira. Tone la kwanza lilipotea majini. La pili lilikaa chini likatandaa. La tatu lilikaa, akalikusanya kwa kidole, likavuta uzi na kukatika. Akangoja. La nne alilikusanya, likawa kidonge laini kinachokubali kufinywa, akaondoa makaa mawili chini ya sufuria kwa koleo kabla hata sijaona tofauti ya la tatu na la nne. Nilimwomba anionyeshe. Aliniwekea yote mawili kiganjani, nikafinya, na tofauti ilikuwepo, ndogo kama tofauti ya ndizi iliyoiva leo na itakayoiva kesho.

Vipande na unga vikaingia kwa pamoja. Alikoroga kwa mwiko wa mbao upande mmoja tu, taratibu, akikwangua pembezoni ili sukari isishike. Moshi ulikuwa mdogo sana. Kilichopanda ni mvuke mtamu, kisha baada ya dakika chache harufu ya mbao ikatoka chini yake, kavu, kama kabati la zamani likifunguliwa. Vipande vilipoanza kugandana na kuachana na sufuria, aliipua, akaiweka juu ya sakafu ya saruji, akafunika kwa kanga.

Wageni walifika katika kungoja huku. Mmoja alitoka Biryogo, mtaa wa Waislamu wa zamani, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa. Wa pili, kijana wa Bukavu, anafanya kazi benki hapa Kigali. Wa tatu ni yule jirani Mnyarwanda. Kila mmoja alikuwa na manukato yake mkobani, na kabla chai haijamiminwa chupa zilishazunguka. Wa Biryogo anapenda udi mzito na miski, kitu kinachoingia mlangoni kabla yake. Ndivyo mama yake alivyonukia siku ya Idi. Wa Bukavu anapenda vanila na ambari, harufu za kuliwa, na chupa yake ya Ufaransa alikuwa ameihifadhi kwenye soksi isivunjike. Jirani alitoa kichupa kidogo cha mafuta ya jeraniamu yaliyotokana na majani ya shamba la Rwanda, ya Ikirezi, kampuni iliyoanzishwa na Nicholas Hitimana na inayofanya kazi na wajane na yatima wa mauaji ya kimbari. Yananukia waridi lenye ukijani, na yeye hutaka hayo tu, tone moja nyuma ya sikio. Kizito kikimkaribia kichwa humuuma. Walinusishana, wakakunja nyuso, wakabishana kwa furaha. Nilipoulizwa nilisema napenda sandali tupu. Wa Biryogo alinionea huruma kwa dhati.

Bibi hakumsahihisha mtu. Alifunua sufuria, akagusa udi kwa ndani ya kifundo cha mkono kama mtu anayepima maziwa ya mtoto, akafunika tena. Bado. Mafuta mazuri yakiingia kwenye moto hupaa yote, na kilichogharimu pesa nyingi kinabaki kwenye dari. Aligusa mara ya pili, ya tatu. Ya nne akaridhika, akaugawa udi katika mabakuli manne.

Hapo ndipo akaanza kuuliza, na maswali yake sikuyatarajia. Hakumwuliza mtu anapenda nini, hayo alishayasikia. Alimwuliza kijana wa benki: "Kazini mnakaa wangapi chumba kimoja?" Sita, madirisha yamefungwa. Alimwuliza jirani nguo zake anazianika juani au kivulini. Alimwuliza wa Biryogo kama mumewe anapenda anachokipenda yeye. Kisha akafungua kisanduku cha uturi, chupa ndogo za vioo zenye vifuniko vilivyosagwa, na akatumia kijiti cha kiberiti kuchotea, tone kwa tone.

Bakuli la wa Biryogo lilipata haludi na miski, lakini miski kidogo kuliko alivyoomba, na zafarani chache zilizorowekwa. La kijana wa benki lilipata ambari, na badala ya utamu zaidi, matone mawili ya mlangilangi wa Komoro. Maua hayo huvunwa asubuhi na kupikwa kwa mvuke saa nyingi, na mafuta yanayotangulia kutoka ndiyo bora. Ndiyo yaliyomo pia katika Chanel No. 5, manukato ambayo Ernest Beaux aliyatunga mwaka 1921. "Sukari imo tayari," Bibi alimwambia. "Wenzako watano nao wana pua." La jirani halikupata uturi wowote wa kisandukuni. Bibi alimwomba kile kichupa chake cha jeraniamu, akadondosha tatu, akachanganya kwa vidole, akampa anuse. Yule mama alinyamaza kitambo, akasema neno moja la Kinyarwanda, impumuro, harufu, na akaomba anuse tena. Langu lilibaki kama lilivyotoka sufuriani, na sandali kidogo juu.

Kuhukumu kulifanyika kwa kitambaa. Bibi alinyunyizia marashi kanga nne kwa mrashi, kwa sababu nguo yenye unyevunyevu hushika moshi kuliko kavu, akazitandaza moja baada ya nyingine juu ya tenga lililofunikwa kifudifudi, chetezo kikiwa chini. Kati ya moja na nyingine alituamuru tunuse mikono ya nguo zetu wenyewe, ili pua irudi nyumbani. Na palitokea jambo nililoliona kwa macho yangu: wa Biryogo alishika kanga ya jirani, ile ya jeraniamu, na hakuiachia. Jirani naye, aliyekuwa akiogopa kuumwa kichwa, alikaa na ile ya miski shingoni mpaka magharibi. Mapishi ni mamoja, sufuria ni moja; huenda ndiyo sababu kila mmoja aliweza kuingia katika harufu ya mwenziwe bila kujihisi mgeni. Kwangu mimi huo ndio ustadi mkubwa kuliko hata kulisoma lile tone la nne. Bibi alipika kitu chenye nafasi ndani yake.

Jua lilipoinama alitia udi kwenye chupa za kioo za jamu. Zamani, pwani, alifunga kwa nailoni, lakini Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, naye anasema chupa imemfundisha adabu, kwani kioo hakivujishi wala hakichukui harufu ya kitu kingine. Aliandika kwenye karatasi siku na herufi ya mwenyewe, akazibandika kwenye chupa, akazipanga chupa chini ya kitanda chake mahali penye giza. Hakuna aliyepewa chake siku hiyo. Vitakaa siku arubaini, sukari na mbao na mafuta vizoeane.

Nawe ukijaliwa kupewa udi wa namna hii, nakuomba jambo moja, nililolisikia kwake mara zote tatu nilizokwenda. Usiuweke juu ya kaa jekundu. Utaunguza sukari na kusema udi ni mbaya. Liache kaa lipate ngozi ya majivu, peleka kiganja juu yake, na ukiweza kuhesabu hadi kumi bila kuuondoa mkono, weka kipande kimoja kidogo, kisha funga dirisha.