«Ongeza kinga»: karatasi ya Ndosho na swali la shangazi

Bandugu, kama unapitaka Ndosho umeshaiona ile karatasi iliyobandikwa ukutani, ao umeipata kwa WhatsApp: kuna chupa ya mizizi inayoongeza kinga ya mwili, na kinga ikipanda kila ugonjwa unakimbia. Niliisoma mara tatu. Leo naikosoa, si kwa kumcheka aliyeiandika, ila kwa sababu shangazi yangu aliiamini.

Tuanze na ukweli wake. Mwili usiokula vizuri haupigani vizuri, na karatasi inafanya vema kutaja lengalenga na maharagi. Hapo sina neno.

Kosa linaanza pale inapoichukua kinga sawa maji kwa bidoni: ikijaa, njo vizuri. Kinga haiko hivyo. Chembe zake zinatoa vitu vinavyoyeyuka na kupeleka habari kwa chembe zingine, vinaitwa sitokini. Vingine vinasema: piga! Vingine vinasema: basi, inatosha. Mwaka 1989 kundi la Tim Mosmann, Marekani, lilieleza kimoja cha namna hii ya pili. Leo kinaitwa interlukini-10. Kinatoka kwenye chembe za kinga zenyewe, na kazi yake ni kuzuia zingine zisizidishe vita. Bila breki hiyo, moto unaunguza nyumba yenyewe. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya tiba ilienda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, juu ya kazi yao kuhusu chembe zinazoizuia kinga isishambulie mwili wake.

Breki nayo iko na bei. Utafiti wa Tororo, Uganda, uliochapishwa 2014, ulikuta kwamba watoto walioumwa malaria mara nyingi wana chembe nyingi zinazotoa interlukini-10. Hiyo inaweza kupunguza ukali wa ugonjwa, lakini chembe hizo hazikuonekana kuwakinga na malaria inayofuata. Kwa hiyo hata kushusha tu si jibu. Kinachotafutwa ni kipimo.

Sisi wa kilimo tunalijua hili bila laboratwari. Tia urea nyingi karibu na shina la maharagi, siku si nyingi utakuta majani yameungua. Mkulima haulizi tu «niongeze?» Anauliza ngapi, lini, kwa udongo gani.

Sasa shangazi. Kinga yake inashambulia viungo vyake mwenyewe, vidole na magoti. Daktari alimpa prednisolone, dawa inayoshusha kinga makusudi. Aliposoma karatasi akaniuliza: «Mutoto yangu, mbona daktari ananishushia kitu chenye wengine banalipa ili kipande?» Mimi mwenye lisansi nilikosa jibu. Akaacha vidonge, akanunua chupa. Wiki mbili baadaye hakuweza kufunga kitenge mwenyewe. Aliporudi, daktari akamwambia tena kwamba dawa hiyo, ukiizoea, haiachwi ghafla, ni hatari.

Njo maana nasema kosa kubwa la karatasi ni hili: inajibu kabla ya kuuliza msomaji anaumwa nini. Na lawama ingine ni yetu. Wangapi kati yetu tuliituma kwenye grupu bila kuisoma mpaka mwisho? Mimi niko mmoja wao.

Ikikufikia tena, muulize aliyekutumia: kinga ya nani, na kwa ugonjwa gani? Shangazi alistahili kusikia swali hilo kutoka kwangu.